Namna ya kuandika maisha ya mwigizaji mzee akingali hai

Nina meza, kompyuta na printa mbele ya nyumba yetu Kamalondo. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba za kupanga, na mara nyingi, saa za usiku, historia ya marehemu itakayosomwa kesho yake makaburini. Kabla ya meza hii nilikuwa msufleri. Ujana wangu niliumaliza nyuma ya pazia, daftari mkononi, nikiwanong'oneza waigizaji maneno yaliyowatoroka. Ndiyo sababu mwigizaji akifariki hapa Lubumbashi, jamaa zake hunijia mimi.

Karatasi wanayoleta haibadiliki. Alizaliwa tarehe fulani, mwana wa fulani na fulani, alisoma shule fulani, alifunga ndoa, ameacha watoto na wajukuu. Kuhusu teatri, mstari mmoja, tena mwishoni, baada ya dini. Nikimuuliza mpwa aliyeileta, "Mjomba wako alicheza nani? Na nani? Ukumbi gani?" hajui. Waliokuwa wakijua wamekaa kwenye mkeka wa kilio na huwezi kuwauliza usiku huo.

Basi nawaandikia ninyi ambao mzee wenu bado yupo. Kazi yenyewe haitaki diploma. Inataka daftari, penseli, simu yenye nafasi ya kurekodi, na mwigizaji anayeweza kuinuka kitini. Hilo la mwisho ndilo lisilosubiri.

Siku ya kwanza, simu ikae mfukoni

Mpelekee habari kupitia mke wake au mtoto mkubwa kwamba unakuja. Nenda asubuhi, usiende Jumapili baada ya ibada maana nyumba inajaa, na usiende mikono mitupu. Sukari na mkate vinatosha. Mwambie unataka nini na nani atasoma. Wengi huogopa kwamba unaandika ili uuze, kwa hiyo liseme jambo hilo waziwazi kabla hajaliuliza.

Usirekodi siku hiyo. Mwigizaji akiona simu imewekwa mezani anaanza kucheza. Atakupa simulizi aliyokwisha kuitoa redioni na kwenye harusi, imenyooka, yenye vichekesho mahali pake. Ni tamu, lakini imeshang'arishwa mno. Mwache aimalize, mshukuru, kisha urudi siku nyingine na maswali madogomadogo: viatu ulivitoa wapi? Nani alikuwa anachunga nguo? Mkitoka Katuba usiku mlirudi na nini?

Msimamishe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanaporuka. Kichwa cha mwigizaji mzee kinasahau, miguu haisahau. Usimuulize mchezo ulihusu nini. Muulize: "Papa, ulikuwa unaingia namna gani?"

Kuna mzee mmoja niliyemwandika ambaye sifa yake ilikuwa kucheza kapita, yule msimamizi wa wafanyakazi. Jina la mchezo hakulikumbuka, mwaka hakuukumbuka, hata wenzake aliwachanganya. Nikamuuliza kapita alivaa kofia vipi. Alichukua gazeti lililokuwa mezani, akalikunja mara mbili, akalilaza kichwani mpaka likafunika nyusi moja. Akatanguliza tumbo. Kidole gumba akakiingiza kwenye mkanda, upande wa kushoto, na akaanza kutembea uzito wote ukiwa visiginoni. Mlangoni akasimama, akakohoa mara mbili, akanyamaza. Nikadhani amechoka. Kumbe anasubiri. "Hapa njo balikuwa banacheka," akasema bila kugeuka. "Ukisema mbele bamalize kucheka, ni bure."

Kutoka mwendo ule yalitoka mengine yote. Mwendo aliuiba kwa kapita wa kweli, jirani wa baba yake kwenye kambi ya wafanyakazi. Mkanda aliushika kwa sababu suruali ilikuwa ya mjomba, pana, na ilikuwa inataka kuanguka. Watu walipocheka akaamua ibaki hivyo hata alipopata suruali yake. Na walipoitwa televisheni, mwelekezi akamkataza kutembea. Studio ilikuwa ndogo: hatua tatu, umegonga ukuta. Akabaki na kofia na kikohozi tu. Alijifunza kumfanya kapita kwa macho, maana kamera ilikuwa karibu na uso kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kiti cha mbele. Ndiyo hadithi ya mtu wa jukwaani kuingia kwenye kioo, na kama ningemuuliza "Ulijisikiaje kutoka jukwaani kwenda kwenye kamera?" angenijibu kwamba alifurahi sana na anamshukuru Mungu.

Sasa andika unachokiona: mkono gani, hatua ngapi, alisimama wapi, alitazama nani. Andika mara moja, palepale. Ukitaka kupiga video, omba ruhusa, na umpige mwili mzima pamoja na miguu. Vijana wanapenda kupiga sura tu. Kama mzee hawezi kusimama, mikono inatosha. Kama yuko kitandani, mwombe sauti: mzee, mlevi, mke mkali, hakimu. Usimlazimishe, na akianza kuhema, mfungie siku.

Tarehe: tumia Mazembe

Mzee hatakuambia "1967". Atakuambia "mwaka Englebert walileta kombe". Hiyo ni tarehe, tena nzuri. Timu hiyo ndiyo TP Mazembe ya leo, na ilichukua Kombe la Afrika la Klabu Bingwa mara mbili mfululizo, 1967 na 1968. Kwa hiyo swali lako linakuwa moja: kombe la kwanza au la pili? Watamaliza wenyewe kwa mabishano na majirani.

Pesa nazo zinasema. Akikuambia malipo ya kwanza yalikuwa makuta hamsini, umeshajua kwamba ni baada ya katikati ya 1967, zaire ilipochukua nafasi ya faranga na kila zaire moja ikawa makuta mia. Akisema zaire mpya, uko kati ya 1993 na 1998. Faranga ya Kongo ikarudi 1998. Akitaja pesa ya Katanga yenyewe, basi ni wakati wa Tshombe, kiongozi wake: Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 na mambo yakaisha Januari 1963.

Majina ya mahali ni saa nyingine. Mji uliitwa Élisabethville mpaka 1966, mwaka uleule Jadotville ikawa Likasi. Jimbo lilikuwa Shaba enzi za Zaire, likawa tena Katanga 1997, na 2015 likagawanywa majimbo manne, sisi tukaangukia Haut-Katanga. Mzee akisema "tulizunguka Shaba nzima" hajakosea wala hazungumzii madini, amekupa miaka. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vinakumbukwa na kila nyumba. Kuingia kwa askari wa Laurent-Désiré Kabila mjini, Aprili 1997, vilevile.

Na usimsahau mama wa nyumba. Yeye anahesabu kwa mimba. "Walikwenda Kolwezi nikiwa na huyu wa tatu tumboni" ni tarehe unayoweza kuithibitisha kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukishindwa kabisa, andika "kati ya 1968 na 1971", usibuni mwaka mmoja ili ukurasa upendeze. Ukibuni leo, kesho mtu mwingine atanakili, na keshokutwa utakuwa ukweli.

Mtu mmoja, majina matatu

1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya ubatizo. Aliyeitwa Joseph kwenye tangazo la 1970 anaonekana kwa jina lingine kabisa kwenye tangazo la 1975, na baada ya 1990 Joseph anarudi. Juu yake kuna jina la jukwaani, ambalo kwa mtaa ndilo jina la kweli. Mufwankolo, mwigizaji wa mji huu, alijulikana kwa jina la jukwaani kiasi kwamba kundi zima lilichukua jina hilo, na mpaka leo ukilitaja kwa mtu wa umri wangu anatabasamu kabla hujamaliza. Andika majina yote juu ya ukurasa wa kwanza, na uonyeshe lipi lilitumika lini. Usipofanya hivyo, mjukuu atakayetafuta miaka ijayo atadhani ni watu watatu.

Jukwaa, redio, televisheni, sinema

Chora safu nne kwenye daftari, maana mzee atazichanganya. Mchezo mfupi uliopita televisheni atauita filamu, na filamu ataiita teatri. Kwa kila kazi uliza: mahali, mwaka, nafasi aliyocheza, walioongoza, waliocheza naye.

Safu ya mtunzi itakusumbua. Michezo mingi ya mji huu haikuwahi kuandikwa. Kundi lilikaa, mtu akaleta wazo au methali, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, wakajaribu tena. Mimi msufleri nilikuwa naandika baada ya wao kusema, si kabla. Kwa hiyo pale panapotaka mtunzi, andika "kundi", kisha majina ya waliokuwepo. Usimpe mzee wako peke yake kwa kuwa tu ndiye aliye hai.

Na tafuta nje ya nyumba yake. 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alirekodi mazoezi ya kundi la Mufwankolo, tangu wazo lilipoletwa, kwamba madaraka huliwa mazima, mpaka mchezo ulipopigwa kwa ajili ya televisheni. Maneno hayo yamenukuliwa kwa Kiswahili chetu cha hapa, na mengi yanasomeka kwenye intaneti bila kulipa, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Kama mzee wako alipita pita humo miaka hiyo, soma kabla ya kumtembelea. Ukimsomea mstari wake mwenyewe wa zamani, utaona uso unavyobadilika, na hutahitaji swali lingine asubuhi hiyo.

Sinema ina masharti yake. Tofautisha mwaka filamu ilipopigwa na mwaka ilipoonyeshwa. Angalia jina kwenye orodha ya mwisho wa filamu, lilivyoandikwa pale, hata kama limekosewa. Kama alipita tu barabarani nyuma ya nyota, andika kwamba alipita barabarani, si aibu. Na tuzo mpe aliyepewa. Chukua mfano wa Marc Zinga, aliyezaliwa Likasi 1984 na kukulia Ubelgiji, ambaye amefika mbali jukwaani na kwenye filamu. Jukwaani alimcheza Lumumba katika tamthilia ya Aimé Césaire, chini ya Christian Schiaretti, huko Villeurbanne, Ufaransa, 2013. Kwenye sinema, 2015 alipata Magritte, tuzo ya filamu ya Wabelgiji, kama mwigizaji chipukizi. Hiyo ni yake. 2023 alikuwa Koffi, nafasi kuu, katika *Augure* ya Baloji, ambaye naye ni mzaliwa wa Lubumbashi. Filamu hiyo ilipata tuzo Cannes, lakini ni ya filamu na mwelekezi, na mimi nimeshaletewa karatasi za kuchapa zinazosema "Zinga alishinda Cannes". Hapana. Mwandike alivyo, inatosha kabisa. Na hilo la Likasi liandike mara moja. Watu wetu wanapenda kulirudia kila sentensi kama vile mgodi ndio uliomfundisha kuigiza.

Kazi ya mchana

Karibu hakuna aliyekula kwa teatri peke yake. Walikuwa Gécamines, kampuni ya madini, walikuwa reli, walikuwa walimu, makarani, wauzaji wa mitumba. Uliza zamu zake: akiwa wa usiku, mazoezi alikuja saa ngapi? Nani alimfunikia kazini? Hapo utakuta msimamizi fulani mzungu au mweusi aliyependa teatri na kufumba macho, na huyo naye anastahili mstari. Kisha muulize mke wake nani alikuwa analisha kundi. Mara nyingi ni yeye.

Kwa waigizaji wanawake, usifanye mahojiano mume akiwa amekaa pembeni. Mwombe mkutane sokoni, au kwa dada yake. Utasikia ruhusa ilivyoombwa, nani aliikataa, na kwa nini aliacha kucheza mwaka ule ambao mume anasema "aliugua". Lakini muulize pia kipi kati ya hayo kinaruhusiwa kuandikwa. Si vyote.

Miaka ya chama

Atakayekuambia alipanda jukwaani miaka ya 70 bila kumwimbia wala kumchezea Mobutu, mtazame mara mbili. Animasio, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu yeye na chama chake, ilikuwa lazima: mashule, makampuni, mitaa. Waigizaji ndio waliojua kuimba na kupanga watu, kwa hiyo ndio walioitwa kwanza. Familia huniambia, "Hiyo toa, itamchafua." Mimi nashauri ibaki. Muulize bila kumhukumu: nani alikuita, mlipewa nini, wangewafanya nini mkikataa? Wengine watakuambia kwamba vitambaa vya animasio ndivyo vilivyogeuka nguo za jukwaani kwa miaka mingi baadaye. Na wengine watacheka, wakuimbie wimbo wote, mkono kifuani.

Miaka ya 1992 na 1993 ni nzito zaidi. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, makundi yakabaki na nafasi zisizo na watu. Uliza majina ya waliokuwa wanacheza naye na wakaondoka, na walicheza nafasi gani. Majina tu. Akikaa kimya, funga daftari, kunywa chai, zungumzeni mengine. Usilirudie swali mwenyewe. Akitaka, atalirudia yeye.

Picha na kanda

Picha usiondoke nazo. Zipige hapohapo karibu na dirisha, bila flashi, picha ikiwa imelala. Mwombe ataje watu kutoka kushoto kwenda kulia huku unarekodi sauti, kisha andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, kamwe si kwa bik, wino unapenya. Kanda za zamani zenye ukungu mweupe usizitie kwenye mashine. Zitaharibika na mashine pia. Mpe mtu anayejua kuzisafisha.

Kuandika

Usianze na kuzaliwa. Anza na nafasi aliyokumbukwa nayo. Yule mzee wa kofia nilimwanza hivi:

"Kwa watu wa mitaa ya Kenya na Katuba alikuwa kapita hata siku za mapumziko. Sokoni wauzaji waliinuka mbele yake wakijifanya wamechelewa kazini, naye alikohoa mara mbili kabla ya kununua nyanya. Mwendo huo aliuchukua kambini, kwa jirani wa baba yake, ambaye alikuja kumtazama, akacheka kuliko wote, na hakujitambua."

Baada ya hapo ndipo wazazi, shule na ndoa. Maneno yake mwenyewe yaache kama alivyoyasema. Akisema "balitubamba", usiandike "walitukamata". Akirudi kusoma atadhani unamzungumzia mtu wa Dodoma. Maneno yako wewe yaandike utakavyo.

Na ondoa sifa. Nguli, gwiji, asiye na kifani, kioo cha jamii: nikiyakuta nayafuta kabla mteja hajaketi. Badala yake andika watazamaji walifanya nini. Walirusha pesa? Walimtukana barabarani kwa sababu jana yake alicheza mume mbaya? Mama mmoja alikuja kumpiga kwa kandambili? Hiyo ndiyo sifa.

Ukimaliza, rudi umsomee kwa sauti, polepole, mke wake akiwepo. Akipishana na mwenzake wa kundi kuhusu nani alianzisha nini, andika kauli zote mbili na majina ya waliozisema, usiwe hakimu. Anachokataa kabisa, kitoe.

Toa nakala nne. Moja yake, moja ya mtoto mkubwa, moja ya kundi kama lingalipo, moja ipeleke Chuo Kikuu cha Lubumbashi, idara ya historia, ambako wameanza kukusanya kumbukumbu za mji huu tangu 2000. Rekodi za sauti zitumie pia kwa barua pepe yako mwenyewe, maana simu huibwa.

Mwisho, toa humo ukurasa mmoja mfupi, usio na tarehe nyingi, uwekwe na familia kwa siku ambayo utahitajika. Uchapwe kwa herufi kubwa, 14 au 16, na nafasi kati ya mistari. Atakayeusoma atakuwa hajalala, na miwani atakuwa ameisahau nyumbani.